"Uko na 51? Wende paka ku infirmie"

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, Kolwezi yote inakuwa juu ya telefone. Vijana wa Manika wanajimwangia poda nyeupe ku kichwa, pikipiki zinapiga honi, mama anapiga vigelegele mu lupango. Furaha hiyo inadumu saa mbili hivi. Kisha swali linaingia: "Uko na ngapi?" Mwenye 70 anaambiwa udaktari ao politekniki. Mwenye 60 anaambiwa sheria, ao ekonomi. Na mwenye 51? "Ah, huyo wende paka ku infirmie, kule banakamata bote."

Maneno hayo niliyasikia mu nyumba yetu, juu ya mudogo wangu mmoja, mtoto wa mama mukubwa. Alisoma biolojia na kemia, akapata 51. Yeye alitaka infirmie tangu zamani, tangu wakati alikuwa anapelekaka chakula kwa nkambo wetu aliyelazwa. Lakini kisha ile 51, hakuna mutu anaamini tena kama ni chaguo lake. Kila anayemupongeza anamupongeza kwa sauti ya kufariji, sawa vile amefiwa. Na yaya mmoja aliyesoma, mutu wa kazi nzuri, alisema mbele yetu wote kwamba serikali iweke 60 kwa kila anayetaka kuvaa blouse nyeupe, chini ya hapo ni kuua watu. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Ninajua hata mu sisi wenye diploma, wengi tunafikiri vile. Njo maana ninaandika. Wale wanaocheka na wale wanaodai 60, mimi ninaona wanafanya kosa moja: wanatazama namba ambayo haichomi sindano.

Mimi si infirmie. Nilisoma agronomi, niko na lisansi, na fakilte yetu pia watu wanaiona kama fasi ya wale waliokosa fasi. ("Miaka yote ile kwa kuenda kulima mahindi?" Nimeshazoea.) Lakini agro inafundisha kitu kimoja juu ya namba. Ukitaka kujua mbegu, unachukua 400, unazipanga juu ya karatasi yenye maji, mu joto zuri, unahesabu ngapi zimeota. Namba ile ni ya kweli na ni ya lazima. Lakini inakuambia mbegu inafanya nini juu ya karatasi. Haikuambii itafanya nini mu shamba la Lubudi wakati mvua imechelewa siku kumi na udongo uko na asidi nyingi. Kwa hiyo unauliza tena: ilitunzwa wapi, inaenda kupandwa wapi, nani atalima. Kwa mbegu tunauliza yote hayo. Kwa mtoto wa mutu tunaangalia karatasi, tunamaliza.

Tuichunguze basi ile namba. Exetat ilianza mwaka 1967, na 50 njo mlango wa kupita. Mu 51 ya mudogo wangu kuna Kifaransa, kuna hesabu, kuna maarifa ya jumla, kuna masomo ya opsio, vyote vimepondwa pamoja kama sombe mu kinu. Ukishaponda, huwezi tena kujua jani gani lilitoka ku mti gani. Mutu anaweza kuwa na 51 juu lugha ilimuangusha, na kemia yake ni safi. Mwingine yuko na 64 iliyobebwa na lugha, na hajui tofauti ya miligramu na mililita. Tena tuseme tu kile kila mutu anajua: kuna bouillon. Kuna vyumba ambamo majibu yanaingia mbele ya maswali. 64 ya bouillon na 51 ya jasho, ku diploma zinaandikwa na wino uleule.

Majirani wetu wa Tanzania wanauliza namna ingine. Kwa kuingia diploma ya uuguzi na ukunga, wanaangalia kama kijana wa kidato cha nne amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo kemia, biolojia na fizikia lazima ziwemo. Alama ya D inatosha. Kenya wao wanataka wastani wa C, lakini nao wanaongeza alama ya biolojia na alama ya lugha. Sisemi kama hospitali zao ni mbinguni. Ninasema tu swali lao liko na maana: wanataka kujua mutu anajua nini mu yale atakayotumia.

Sasa, wale wa 60 wako na hoja moja nzito na sitaikimbia. Kwetu infirmie si mutu wa kupima joto na kungojea docta. Mu kituo cha afya, mukubwa ni infirmie titulere, IT. Yeye njo anapokea mgonjwa, anauliza, anapima, anaamua dawa, anazalisha kama mkunga hayuko, na jioni anaandika ripoti ya zone ya afya. Docta yuko kule ku hospitali kubwa ya rejea. Kuna vijiji vya Kapanga na Sandoa ambako safari ya kufika kwa docta inakula siku nzima juu ya pikipiki, na wakati wa mvua usihesabu. Hii haikuanza jana. Mwaka 1960, siku ya uhuru, inchi haikuwa na docta wa Kikongo aliyemaliza udaktari wa chuo kikuu. Waliobeba hospitali wakati Wabelgiji waliondoka ni mainfirmie na wale waliitwa wasaidizi wa matibabu, waliokuwa wanafundishwa tangu miaka ya 1930. Wengi wa hawa wasaidizi walipelekwa baadaye Ufaransa kumalizia udaktari. Mpaka leo mu kartié tunamuita infirmie "docta". Watu wanafikiri ni kukosa kujua. Mimi ninaona ni kujua vizuri sana nani anatutibu.

Basi wanasema: mutu wa kazi nzito namna hiyo asitoke ku 51. Ninawaelewa. Lakini tuingie mu chumba cha kazi, tuone kazi yenyewe inadai nini.

Usiku, mtoto wa kilo 10 analetwa na malaria kali, anatetemeka, macho yamegeuka. Dawa ni artesunate. Chupa ya miligramu 60 unaichanganya kwanza na bikarbonati yake, mililita 1. Kisha, kama ni ya kupitisha mu mushipa, unaongeza mililita 5 za seromu ya chumvi. Sasa uko na mililita 6, na kila mililita iko na miligramu 10. Mutu wa kilo 20 kwenda juu anapata miligramu 2.4 kwa kila kilo. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata 3. Kwa hiyo 10 mara 3 ni 30, ni mililita 3 mu sindano. Aliyekariri 2.4 peke yake atahesabu 24, na mtoto atapata dawa pungufu usiku uleule anaoihitaji zaidi. Tena kama ni ya kuchoma mu musuli, huongezi 5, unaongeza 2, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Anayechanganya njia mbili hizo atatoa mara mbili ya dawa, ao nusu yake.

Kisha seromu. Mililita 500 mu saa 4, na mpira unaotoa matone 20 kwa mililita: 500 mara 20, gawanya kwa dakika 240. Matone 42 hivi kwa dakika. Hapo unasimama na saa, unahesabu.

Hiyo yote ni kuzidisha na kugawanya, hesabu ambayo mtoto anaanza kufundishwa ku shule ya msingi. Haidai 60 ya Exetat. Inadai mutu aifanye mara mia mbele ya mwalimu mukali mpaka mukono uijue, juu siku ya kweli atakuwa anaifanya saa nane za usiku, kwa mwanga wa telefone, mama analia, na baba anauliza "docta, atapona?" Mwenye 70 ambaye hakuifanya mara mia atatetemeka sawa na mwenye 51 ambaye hakuifanya.

Uingereza wameelewa hiyo. Baraza lao la wauguzi na wakunga, mu kanuni za 2018, linasema mwanafunzi wa uuguzi lazima apite mtihani wa kuhesabu dawa kwa alama 100 juu ya 100. 99 ni kuanguka. Soma tena fasi gani wameweka ile 100: mu masomo yenyewe, mbele ya mutu kupewa ruhusa ya kugusa wagonjwa peke yake. Sisi tunapigania namba ya ku mlango, na ya ndani hatuijui.

Na ya ndani njo inanitia woga. Kwanza watu wanachanganya shule. Kuna ITM: mtoto anaingia kisha mwaka wa nane, anasoma miaka 4, anatoka A2, na shule iko chini ya wizara ya afya. Kuna ISTM: unaingia na diploma ya D6, iko chini ya wizara ya elimu ya juu, zamani ilikuwa A1 ya graduat, leo mu LMD ni lisansi ya miaka 3 na krediti 180. Wizara mbili, na kati yao shule za watu binafsi zinaota kama majani kisha mvua ya kwanza. Mji wetu unakuwa haraka juu ya shaba na cobalt. Karibu kila avenue iko na kibao cha dispansere, na siku hizi kando yake kibao cha shule ya kufundisha watu wa dispansere.

Nilipeleka ndugu ku hospitali moja, jina lake sitaje. Nilikuta wanafunzi wa staji zaidi ya 20 wamezunguka kitanda kimoja. Anayechoma ni mmoja. Wa mustari wa pili wanaangalia mabega, wa mustari wa tatu wanaangalia telefone. Kisha wote wanasainiwa daftari la staji kwamba wamechoma. Glavu kila mmoja anakuja na zake, ao mgonjwa anatumwa kununua. Sasa uniambie: weka mwenye 70 mu ule mustari wa tatu. Ataona nini?

Shule inayokamata bote haikamati kwa huruma. Inakamata juu minerval ya mwenye 51 iko na uzito sawa na ya mwenye 70. Kumuangusha mwanafunzi ni kuangusha na minerval yake ya mwaka unaokuja, kwa hiyo mu deliberasio kila kitu kinakuwa laini. Ukiwawekea hawa 60 leo, kitu kimoja tu kitabadilika: bouillon itapanda bei.

Tena kuna hesabu ambayo wa 60 hawaifanyi kabisa. Lualaba, tangu ilipotoka mu Katanga mwaka 2015, si Kolwezi peke yake. Iko na teritware tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Kijana wa shule nzuri ya Kolwezi pengine aliona mikroskopi, akaweka jicho. Kijana wa kijiji cha Kapanga aliichora mu daftari akiiga mchoro wa ubaoni, na mwalimu naye alikuwa ameiiga kutoka kitabu. Wote wawili wanapiga Exetat moja. Nani ana hatari zaidi ya kuangukia 51? Na nani, akimaliza, atakubali kurudi Kapanga?

Shirika la afya la dunia, OMS, lilitoa mapendekezo mwaka 2010 juu ya namna ya kupata na kubakiza wafanyakazi wa afya mu fasi za mbali. Pendekezo moja ni hili: shule ziingize wanafunzi waliotoka vijijini, juu hao njo wana nafasi kubwa ya kurudi kufanya kazi huko. Kwa hiyo ile 60 itafunga mlango kwanza kwa yule angekubali kufungua kituo cha afya fasi ambayo mwenye 70 hatakanyaga hata kwa wikendi. Na hatuko na wauguzi wa kutupa: OMS hiyohiyo ilihesabu mwaka 2020 kwamba dunia inapungukiwa wauguzi milioni 5.9, na Afrika ni kati ya wanaopungukiwa zaidi.

Mwenye 70 wa kwetu tunajua anaelekea wapi. Jeolojia, umeme, kemia ya viwanda, kisha CV ku kila kampani kutoka Fungurume mpaka Kamoa. Simulaumu, mshahara wa mine unaita, na mimi mwenyewe ninausikia kila mwisho wa mwezi. Infirmie mupya wa serikali anaweza kumaliza miaka bila matrikule, akiishi na prime ya kituo, yaani franka za wagonjwa. (Kisha tunashangaa kwa nini kila anayeumwa kichwa anawekewa seromu.) Anayechagua kazi hiyo akijua yote hayo, na bado anaitaka, amekwisha kujibu swali ambalo Exetat haiulizi.

Kwa hiyo ningetaka tudai nini? Testi ya kuingia, fupi, ya kweli: biolojia, kemia ya myeyusho, kuhesabu, na kusoma Kifaransa cha karatasi ya dawa, juu karatasi ile haiandikwe mu Kiswahili. Testi hiyo mwenye 51 apite ao aanguke, na mwenye 70 pia. Kisha wanafunzi wa staji wahesabiwe kwa vitanda, na hospitali ikatae kupokea zaidi ya wale inaweza kufundisha. Kisha ile 100 juu ya 100 ya dawa. Wenye kuanguka waanguke, hata kama minerval imelipwa yote.

Na wewe uliye na 51, niseme nawe kama yaya. Usikubali mutu akuambie umetupwa huko. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku yeye ni makombo anaishia kusoma kama makombo, na nimeona wengi wanakuja ku kozi na saa nne juu hakuna mutu anawangojea kitu. Lakini usijifariji kupita kiasi. 51 inasema kuna mashimo, na shimo la kemia ku infirmie ni mutu anaanguka ndani. Uko na miezi mbele ya mwaka wa masomo kuanza. Kamata daftari za mwaka wa tano na wa sita. Fanya upya myeyusho, vipimo, kuzidisha na kugawanya, mpaka uchoke. Kama Kifaransa njo kilikuangusha, soma kila siku, hata karatasi ndani ya boksi la paracetamol.

Kisha, mbele ya kulipa hata franka moja, wende ku shule unayotaka, wende siku ya kazi, si siku ya milango wazi. Omba kuona arrêté inayoipa shule ruhusa ya kufanya kazi, na wizara gani iliisaini. Uliza staji inafanywa ku hospitali gani, na wanafunzi wangapi mu kikundi kimoja. Uliza kama kuna chumba cha mazoezi chenye mannequin, na uombe kukiona, juu mara nyingi kiko, lakini kimefungwa na ufunguo uko na mutu aliyesafiri. Tangu sheria ya mwaka 2016 kuna Ordre ya mainfirmie, na jina lako litapaswa kuandikwa humo ukimaliza. Kwa hiyo uliza waliomaliza mbele yako kama diploma ya shule hiyo ilipokelewa bila matatizo.

Halafu utafute finaliste mmoja, umuite kando, mununulie sucré. Usimuulize alikuwa na ngapi ku Exetat. Muulize amezalisha mama wangapi kwa mikono yake mwenyewe, na artesunate ya mtoto wa kilo 10 ni mililita ngapi mu mushipa. Akijibu haraka, andika jina la shule. Akianza kucheka na kutazama chini, maliza sucré yako, wende ku shule ingine.